Ombi la Kurudishiwa Tundu la Paa

Shakarmamad wa marehemu Davlatmir,
Kontena la nne, nyuma ya jengo lisilokwisha,
Almaty.
Tarehe 9 Februari.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nyumba zenye Joto na Nyua Nadhifu,
Kijiji cha Tusdara, bonde la Gunt.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU JOTO

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee wangu Imomyor,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi, karatasi ikiwa juu ya kipande cha ubao magotini, kwa hiyo ukiambiwa kwamba mistari inapanda na kushuka usidhani ni dharau. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na yule ng'ombe mweusi amezaa salama. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto ambavyo gundi ya kazini imevikausha, na vyenyewe sivihitaji kwa kuandika.

Najua macho yako hayasomi tena herufi ndogo, na kwamba barua za Kamati husomwa kwa sauti na binti yako Savsan, ambaye pia ndiye katibu. Namsalimu msomaji. Namwomba asome polepole na asiruke neno, hata akifika mahali ambapo angependa kuruka.

Niseme mapema kwamba malalamiko haya ni ya kijiji kizima. Sina nyumba yoyote maalumu ninayoifikiria.

Shangazi Nekqadam, dada wa marehemu baba yangu, ambaye ukuta wake unapakana na wako, ameniarifu kwa simu kwamba tangu mwezi wa tisa Kamati imezishughulikia nyumba zote ishirini na saba za Tusdara. Kuta zimejazwa sufu na majani makavu. Madirisha yamepewa vioo viwili viwili. Majiko yamepewa mabomba ya moshi. Mirundo ya samadi imeondolewa mbele ya nyumba, na mahali pake pamewekwa mabenchi na maua. Hata nyumba yetu, iliyofungwa kwa kufuli tangu mama afariki, imepakwa chokaa uzio wake na kuwekewa benchi ambalo hakuna wa kulikalia. Ahsanteni sana. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

Mimi si adui wa joto. Joto ndilo linalonilisha. Huku Almaty, kwenye vilima wanakoishi wenye uwezo, kazi yangu ni kubandika mabamba ya povu kwenye kuta ili nyumba isipoteze joto, na joto likishafungiwa ndani, najenga baraza la mbao ili wenye nyumba wakae nje. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu ahangaike hivyo kulishika joto ndani kisha atoke akalikimbie, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimeshazipa joto nyumba thelathini na mbili. Mimi mwenyewe nalala kwenye kontena la chuma lenye ukuta mwembamba kama sahani, pamoja na Turghunboy wa Osh na wenzetu sita, na asubuhi tunavunja barafu kwenye ndoo ili tunawe. Kwa hiyo nikisema joto la Tusdara limezidi, nasema kama mtu wa fani.

Lalamiko la kwanza ni tundu la paa.

Tangu enzi za mababu kila nyumba ya kwetu imekuwa na tundu katikati ya paa, juu ya jiko. Mwanga uliingilia hapo na moshi ukatokea hapo. Ni kweli kwamba theluji nayo iliingilia hapo. Marehemu babu yangu alikuwa na mahali pake chini kidogo ya tundu, na theluji ilimpoozea chai bila yeye kunyanyua mkono. Tulijua hali ya hewa bila kufungua mlango. Tulijua jirani yupi anapita juu ya paa kwa vumbi lililoanguka ndani ya shirchoy, na kwa kuwa shirchoy ni chai yenye maziwa, chumvi, siagi na mkate uliomegwa, vumbi kidogo halikumsumbua mtu.

Sasa naambiwa matundu yote yamewekewa vioo viwili na kuzungushiwa gundi nyeupe, na nyumba hazipotezi joto hata kidogo. Hongereni. Lakini Mheshimiwa, joto silo jambo pekee lililokuwa likipita pale.

Hapa itabidi nieleze desturi yetu kana kwamba huijui, kwa sababu nakala ya barua hii naipeleka Ofisi ya Wilaya, na yule ofisa mpya si mtu wa milimani. Jioni ya Navruz, mwaka unapoanza, watoto wetu hupanda juu, maana mapaa yetu ni bapa na mtu anaweza kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga ardhi. Hushusha kitambaa kupitia tundu la paa, na mwenye nyumba hufunga humo mkate, au jozi, au mayai ya kuchemsha. Mtoto hasemi kitu. Lakini mwanamume anayetaka kuposa katika nyumba hiyo hushusha kitambaa chake na kutamka jina lake mara moja. Akikubaliwa, hufungiwa soksi za sufu alizofuma binti mwenyewe. Asipokubaliwa, hufungiwa mkate kama mtoto, anauchukua, anakwenda zake. Hakuna aliyeuona uso wake, na kesho mnasalimiana mtoni kama kawaida.

Wapo wanaosema siku hizi watu hutuma wazee mlangoni, kwa hiyo tundu la nini. Ni sawa kwa mwenye wazee. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la saba, na ndiyo sababu mwandiko wangu nao umebaki darasa la saba. Ami sina. Nina Shangazi, na Shangazi akitumwa mlangoni kwa jambo kama hilo atalia kabla ya kukaribishwa. Juu ya paa hakuna anayekuuliza umekuja na nani, wala anayeangalia viatu vyako.

Nitoe mfano, bila kumtaja mtu. Navruz iliyopita mwanamume mmoja wa Tusdara, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, mchapakazi, alipanda juu ya paa la nyumba fulani akashusha kitambaa cha marehemu mama yake. Jina lake alikuwa amelifanyia mazoezi safari nzima kutoka Almaty, siku nne, mpaka dereva akamwomba anyamaze. Akafungua mdomo. Ndani mwenye nyumba akakohoa, na yule mwanamume akasahau anaitwa nani. Akanyamaza kama mtoto. Mwenye nyumba akafunga kitu, akakivuta kitambaa mara mbili kuonyesha kwamba tayari, akasema kwa upole: “Mgawane na wenzako, mwanangu. Na msisukumane huko juu.” Yalikuwa mayai mawili ya kuchemsha. Niliyala yote mawili nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa paa lako, na siku ya tatu nikaanza safari ya kurudi kazini.

Naona mstari wa mwisho nimeuandika vibaya, lakini karatasi ni chache na kifutio sina. Basi ubaki hivyo hivyo.

Mwanamume huyo aliapa kwamba Navruz hii atalisema jina lake hata Mwenyekiti akikohoa mara kumi. Sasa amwambie nani? Kioo?

Lalamiko la pili ni uzuri wa nyua.

Zamani kila ukuta wa Tusdara ulikuwa na ngazi imeegeshwa, kwa sababu aprikoti hukaushwa juu ya paa na mtu hupanda mara kumi kwa siku. Zilikuwa mbovu na zimepinda, lakini zilikuwa zimesimama. Naambiwa kwamba katika kupendezesha nyua, Kamati imezipaka ngazi rangi ya kijani, ikazilaza ubavu na kuzipigilia ukutani ili maua yatambae. Ngazi yenu inabeba waridi tatu. Mtu anayetaka kufika juu ya paa lenu sasa itambidi aje na ngazi yake, na mtu anayepita kijijini na ngazi jioni ya sikukuu atadhaniwa mwizi au fundi. Mimi nikiwa fundi kweli, nitapata tabu kueleza kwamba siku hiyo sikuja kikazi.

Ukingo wa paa nao umepangwa masanduku ya udongo, tayari kwa maua ya masika. Shangazi anasema yanapendeza sana. Namwamini. Lakini ule ukingo ndio niliokuwa nimekalia na mayai yangu, na nauliza ni nani aliyeshauriwa.

Halafu kuna mbwa. Palang, mbwa wenu, zamani kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu alikuwa akilala amejikunja karibu na mlango, na moyoni mwake hakuwa na jambo jingine ila kutokufa. Mtu aliweza kumruka na asijali. Sasa nasikia amejengewa kibanda chenye sufu ukutani na kapaa kaliko na chokaa, kama pambo la ua. Mbwa mwenye joto anapata nafasi ya kushughulikia mambo ya watu. Shangazi anasema anabweka tangu alfajiri, na sauti yake imenenepa.

Lalamiko la tatu ni joto lenyewe, na hapa naomba wilaya isikilize kwa makini.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nyumbani majuma sita kabla ya Navruz. Kwa kuwa kwetu hakuna mtu, nilikuwa nakuja kwenu kila alasiri kukupasulia kuni, na baada ya kuni nakaa kidogo. Hata karibu na jiko kulikuwa na nyuzi joto nne tu. Ukitoka hatua mbili mbali na jiko, maji yaliganda kwenye kikombe. Kwa hiyo sote tulikaa ndani ya hatua hizo mbili: wewe, Shangazi akija kusuka sufu, mimi, na ng'ambo ya jiko Savsan na kipimajoto cha Kamati, akiandika kwenye daftari takwimu za kuombea msaada wa vioo. Hatukuwa na mahali pengine pa kukaa, na hakuna aliyetushuku kwa lolote.

Alasiri moja Savsan alisimamisha kalamu akaniambia, mbele yako: “Kaka Shakarmamad, hebu sogea. Ukikaa hapo kinasoma joto lako, si la nyumba.”

Nilisogea. Wewe ulicheka, Mzee, ukasema kumbe kijana ana faida. Nimeyabeba maneno yale mwaka mzima, nikiwa juu ya ngazi za watu na povu mkononi, na mpaka leo sijui kama yalikuwa maneno ya kisayansi au ya namna nyingine. Ningependa Kamati itoe ufafanuzi.

Sasa nyumba yenu ina nyuzi ishirini na moja kila pembe. Kila mtu anakaa anapotaka. Wewe unakaa chumba cha mbele, Shangazi anabaki kwake kwa sababu kwake nako kuna joto, na katibu anafanya kazi zake chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Mgeni akija atakaa na nani? Atakaa na jiko, na jiko lenyewe nasikia haliwashwi ila jioni.

Na wageni wanakuja. Nimeambiwa mwezi uliopita walifika wazee wawili kutoka mjini Khorog, wametumwa na mtu mwenye duka la dawa. Waliingia kwa mlango. Buti zao zilikuwa na manyoya ndani. Walipewa shirchoy, wakasifu nyumba, wakasifu ua, wakakaa saa tatu. Nauliza kwa heshima: ingekuwa nyuzi nne kama mwaka jana, wangekaa saa tatu? Wangekunywa kikombe kimoja, wakakumbuka kwamba gari lao litaganda, wakaenda. Ni Kamati iliyowakalisha pale. Nasikia uliwaambia utawajibu baada ya Navruz. Hilo silo lalamiko. Nalitaja tu kwa sababu tarehe zimekaribiana.

Lalamiko la nne linamhusu fundi aliyewashauri ninyi kuhusu tundu la paa, na naomba achukuliwe hatua.

Mtu huyo ulimpigia simu mwezi wa tisa. Ulimwambia: “Mwanangu, wewe ndiye fundi wetu wa joto huko ugenini. Hili tundu tulifanyeje?” Fundi huyo, badala ya kufikiri, alipandisha sauti ya simu ili wanaume saba waliokuwamo kontenani wasikie kwamba anapigiwa na Mwenyekiti. Kisha akahutubia dakika ishirini. Alieleza unene wa kioo. Alieleza upana wa nafasi kati ya kioo na kioo, na namna ya kupitisha gundi bila kukatisha mkono. Mwisho akasema, na nayakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa yangu: “Zibeni kabisa, Mzee. Pasibaki hata pa kupitisha uzi.”

Ulimshukuru, ukamwombea dua, simu ikakatika. Turghunboy alikuwa anamenya viazi. Yeye habari za mayai nilikuwa nimeshamhadithia siku moja tulipokosa kazi kwa mvua. Hakunyanyua hata kichwa. Aliuliza tu: “Sasa wewe, bwana harusi, kitambaa chako utakipitishia wapi?”

Waliobaki walitaka kuelezwa, wakaelezwa. Tangu siku hiyo kila ninapoziba ufa kwenye dirisha la mtu, kuna atakayepita nyuma yangu na kuuliza kama nimebakisha pa kupitisha uzi.

Nilikupigia tena dakika ile ile. Mtandao wa bondeni ulikuwa umekatika. Uliporudi, siku tisa baadaye, Shangazi aliniambia kazi imekwisha kabla ya muda, na imekwenda vizuri sana, kwa sababu mlikuwa mmepata maelekezo mazuri.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo.

Kwamba nyumba moja ya Tusdara irudishiwe tundu lake la zamani, kwa ajili ya utafiti. Nyumba hiyo ichaguliwe kwa kura. Ili kuokoa muda wa Kamati, kura iangukie nyumba ya Mwenyekiti.

Hilo likishindikana, naomba Kamati iondoe joto lote kijijini na kuturudisha kwenye nyuzi nne. Niko tayari kuja na kuzibomoa kuta kwa mikono yangu, bila malipo, na sufu warudishiwe kondoo kadiri itakavyowezekana. Wananchi watalalamika mwanzoni. Baada ya wiki moja watakuwa wamekaa tena ndani ya hatua mbili, na vijana wengi watanishukuru kimyakimya.

Hilo nalo likishindikana, naomba Navruz isogezwe mbele mpaka gundi ichakae. Gundi nzuri hukaa miaka kumi na mitano; ndivyo ninavyowaahidi wateja. Wakati huo nitakuwa na miaka arobaini na tisa na msomaji atakuwa na arobaini na minne. Tutakuwa bado tunafaa, lakini kwa magoti haya sidhani kama paa nitaliweza.

Na kama hata sikukuu haisogezwi, basi naiomba wilaya itoe amri kwamba mtu yeyote mwenye duka la dawa akitaka kuposa Tusdara apande juu ya paa kama sisi wengine, kwenye barafu, kati ya masanduku ya maua, Palang akiwa macho, na aseme jina lake kwa kioo. Tuone kama litasikika.

Mzee Imomyor, nimechoka kuandika kiofisi. Nitasema kidogo kwa kawaida, wilaya wafumbe macho.

Nimekwisha kaa huku miaka minane. Najua kufanya nyumba ya mtu iwe na joto kiasi kwamba anatembea peku ndani huku nje miti inapasuka kwa baridi. Kila nikimaliza nyumba, kabla ya kukusanya vifaa, huwa naweka kiganja ukutani kwa ndani nisikie kama kazi imeshika. Halafu natoka. Sijawahi kulala usiku hata mmoja ndani ya ukuta niliouziba mwenyewe. Nilifikiri nitalala katika mmoja tu, na kwamba njia ya kuuendea ilikuwa lile tundu. Mlangoni kwako nikija, nitakuja peke yangu, na buti zangu za kazi zenye gundi, nawe utaniangalia usoni na mimi nitakuangalia. Kama kikohozi kiliniondolea jina langu, uso utaniondolea nini? Ukinijibu hapana pale mlangoni, sitaweza kukutana nawe tena mtoni. Ukinijibu kwa mkate, nitaweza. Hilo ndilo nililopoteza kwa gundi yangu mwenyewe, na ndilo ninalolalamikia. Mengine yote ni ya kujaza karatasi.

Naomba kabla sijafunga unisalimie watu wote. Msalimie Shangazi, mwambie dawa ya mguu nimempata wa kumpelekea. Wasalimie majirani wa juu na wa chini, na wale waliopaka chokaa uzio wetu, mama angefurahi. Msalimie ng'ombe mweusi na ndama kama yupo. Palang simsalimu. Turghunboy anakusalimu ingawa hamjuani, na anasema anatamani kulijua jibu.

Natarajia Kamati itanijibu kabla ya tarehe kumi Machi, siku ninayopanda gari kuja, tundu liwepo au lisiwepo.

Ni mimi, nilindaye joto la wengine,

Shakarmamad wa marehemu Davlatmir.

Nakala: Ofisi ya Wilaya.

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshafungwa, na mtu wa kuibeba anangoja nje akipiga miguu kwa baridi, ndipo Shangazi akapiga simu. Nilikuwa nimemtuma akaangalie kwa macho yake jinsi gundi ilivyokaa kwenye paa lenu. Anasema hakuona gundi. Anasema nyumba ishirini na sita zimezibwa kama nilivyoagiza, lakini katika nyumba ya Mwenyekiti katibu alimrudisha seremala mwezi wa kumi, akamfanya aweke bawaba na kitasa. Kwenye daftari la Kamati ameandika sababu: kwa ajili ya hewa safi. Shangazi alipokuwa amesimama pale akiangalia juu na kujifanya anasifu kioo, Savsan alimwambia: “Mwambie yule mla mayai kwamba linafunguliwa kwa ndani. Na mwaka huu aseme jina lake. Halafu alete kipimo cha mguu, nimeshafumua mara mbili kwa kubahatisha.”

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, la kwanza mpaka la nne, pamoja na maombi. Joto liendelee. Maua yaendelee. Nikifikiri vizuri, lile tundu la zamani lilikuwa halimuulizi kitu aliye ndani. Kila aliyetaka alishusha tu. Hili linamuuliza. Ni kazi nzuri kuliko yangu, na huku nitaanza kuwashauri wateja waweke bawaba. Nakala ya wilaya nimeichana tukawashia jiko. Barua yenyewe naiacha ije kama ilivyo, kwa sababu karatasi zimekwisha na nyingine kama hii siwezi kuiandika tena.

Msomaji anaombwa nyongeza hii asiisome kwa sauti.

Mguu ni namba arobaini na mbili. Mbwa afungwe.